Bunduki ya Babu na Mwana wa Miaka 13



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mahari, wakwe, mshahara unaofichwa na ulevi wa mwisho wa mwezi. Swali la safari hii si la kawaida, lakini naona linawagusa wazazi wengi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Je, baba anaweza kumrithisha mwanawe silaha, na tendo hilo likaitwa upendo?

Wanandoa walioniletea swali hili wanaishi hapa Kariobangi, na wamenikubalia nilieleze bila kuwataja majina. Bwana ni fundi wa kuchomelea vyuma katika Light Industries. Anatengeneza milango, madirisha na mikokoteni. Kwao ni upande wa bonde la Kerio. Baba yake mzazi alipofariki aliacha ng'ombe wachache, kiti cha kuchonga, kengele ya ng'ombe, na bunduki kuukuu aliyoinunua kwa mifugo zamani, baada ya wezi kumaliza boma lake. Bunduki hiyo imefichwa huko nyumbani. Imeshika kutu, kitako kimepasuka, na haijalia kwa miaka mingi. Bwana huyu anataka kuitengeneza upya: aifute kutu, aichongee kitako kipya cha mti mgumu, arekebishe kifyatulio, na Desemba, mwanawe wa kwanza mwenye miaka 13 atakapotoka jandoni, amkabidhi mbele ya ami zake. Mke amekataa kata kata. Tangu siku alipoambiwa, na aliambiwa na mtoto wala si na mumewe, nyumba hiyo inazungumza kwa njia ya watoto: "Mwambie baba yako chakula ki tayari."

Wasomaji wengine watasema upesi kwamba jambo hili halina mjadala. Mtoto na bunduki wapi na wapi! Mimi naomba tusiwe wepesi hivyo. Mtu anayeishi Buruburu au Umoja, ambaye akisikia kelele usiku anaweza kuwapigia polisi simu, hana haki ya kumcheka mtu ambaye kituo cha polisi kilicho karibu naye ni mwendo wa nusu siku. Julai 2005 huko Turbi, wilayani Marsabit, wavamizi waliingia asubuhi wakaua watu zaidi ya 50, na kati yao walikuwamo watoto wa shule ya msingi zaidi ya 20. Novemba 2012 askari polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokwenda kufuata ng'ombe walioibwa. Ikiwa askari wenyewe wameuawa namna hiyo, mchungaji aliye peke yake afikiri nini? Bwana huyu aliniuliza swali hilo, na sikuliona kuwa swali la mtu mpenda damu. Ni swali la mtu aliyeona boma la baba yake likiwa tupu.

Tena kuna upande mwingine, ule wa upendo. Huyu bwana hakusema, "Nitampa mwanangu bunduki ili akaibe." Alisema anataka kukaa naye siku nyingi, wasugue kutu pamoja, wapake mafuta pamoja, mtoto ajifunze jina la kila kipande na kazi yake. Anataka mtoto ashike kitu kilichoshikwa na babu yake. Nani kati yetu akina baba hatamani hayo? Hata ng'ambo yapo. Huko Marekani, katika sehemu za mashambani, ni desturi kwa baba kuchukua bunduki ya zamani ya ukoo, kuitengeneza vizuri, na kumpa mwana iwe bunduki yake ya kwanza ya kuwindia, na wengine hao ni Wakristo wenzetu wanaokwenda kanisani kila Jumapili.

Lakini tazama neno lile, ya kuwindia. Kule mtoto hufundishwa kulenga swala, na nyama huletwa mezani. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo mtoto wa bonde la Kerio akipewa bunduki, atalenga nini? Chui anayenyemelea mbuzi? Labda mara moja katika miaka mitano. Siku nyingine zote bunduki hiyo inamngoja mtu. Nilipomwuliza bwana huyu swali hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Katekista, hata panga linaua." Ni kweli, na hapa Kariobangi hatuhitaji kufundishwa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2002 watu zaidi ya 20 waliuawa katika mtaa huu huu, na vyombo vilivyotumika vilikuwa mapanga na mashoka, si bunduki. Hata hivyo panga la nyumba yoyote, kesho yake asubuhi, linaweza kurudi kukata nyasi na kupasua kuni. Lina kazi yake ya halali tangu alfajiri hadi jioni, na kuua ni kuliiba kutoka katika kazi hiyo. Bunduki ya babu haina kazi nyingine ya kurudia.

Wengine hutetea jambo hili kwa mila. Husema kwamba hata babu zetu waliwapa watoto silaha: mvulana wa Kikamba alikuwa na upinde wake, na kijana wa Kimasai alipewa mkuki. Ni sawa, lakini tuangalie mila yenyewe kwa makini badala ya kuitaja tu. Upinde wa mtoto ulikuwa mdogo, wa kupigia ndege. Ule mkubwa ulidai mkono wa mtu mzima kuuvuta, na mshale wa sumu haukuwa mchezo wa watoto. Silaha ile ilimngoja mtu akue. Ilipima nguvu zake kabla ya kumtii, na wakati nguvu zinakua, akili nayo ilikuwa inakua chini ya macho ya wazee. Bunduki haingoji. Kidole cha mtoto wa miaka 13 kinafyatua risasi ile ile, kwa mwendo ule ule, kama kidole cha mzee wa miaka 60. Nguvu ya mtu mzima inafika kamili mikononi mwa mtoto, na busara ya mtu mzima haijafika. Anayesema kwamba bunduki imechukua tu nafasi ya upinde hajafikiri vya kutosha.

Na kuna jambo ambalo wazee wa kule wenyewe wanalisimulia. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya jeshi huko Moroto, Karamoja, liliachwa wazi, na bunduki nyingi mno zikatawanyika hata kuvuka mpaka kuja kwetu. Tangu hapo silaha zilizidi kuwa nyingi mikononi mwa vijana. Zamani wizi wa mifugo, ingawa ulikuwa mbaya, ulikuwa na wazee wa kuuzuia au kuuruhusu. Kijana hakutoka bila baraka zao. Kijana mwenye bunduki yake mwenyewe hahitaji baraka ya mtu. Basi baba anayemkabidhi mwanawe bunduki akidhani anaimarisha ubaba wake, anaupunguza. Siku ile mtoto atakaposema "Naenda," baba atakuwa na nini cha kumzuia?

Sasa nifike kwenye kiini cha jibu langu. Kanisa halisemi kwamba mtu akae kimya wakati watoto wake wanachinjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2265 yafundisha kwamba kujilinda ni halali, na kwa mtu aliyekabidhiwa uhai wa wengine, kuwalinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Bwana huyu aliyajua hayo. Alikuwa ameyasikia katika semina ya wanaume, na aliniletea kama hoja yake ya mwisho. Lakini angalia wajibu huo ni wa nani. Ni wa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine. Mtoto hajakabidhiwa uhai wa mtu; uhai wake ndio uliokabidhiwa kwetu. Yeye ndiye sababu ya wajibu kuwapo. Mwenye kulinda anawezaje kumkabidhi yule anayelindwa kazi ya kulinda, kisha akasema ametimiza wajibu wake? Hapo ameuvua tu, kama mtu anayevua koti zito na kumvika mtoto wake juani.

Hiyo ndiyo maana serikali ilipoona kwamba polisi hawatoshi katika sehemu hizo, iliweka polisi wa akiba: watu wazima wanaojulikana na wazee wao, na bunduki zinazoandikwa namba. Mpango huo umekuwa na matatizo mengi, na mwaka 2019 silaha zao zilirudishwa serikalini ili wapangwe upya. Siutetei kila jambo lake. Nasema tu kwamba fikira yake ni sahihi: ulinzi ni kazi ya watu wazima, inayofanywa mbele ya watu, kwa jina la wote. Bwana wetu kama anaona kwao hakuna ulinzi, aende yeye kwenye baraza la chifu, akapige kelele, awaandikie wabunge, ajitolee mwenyewe ikiwa sheria inamruhusu. Miaka 13 ni umri wa darasa, si wa zamu ya usiku.

Juu ya sheria sitakaa sana kwa sababu iko wazi. Kenya mtu hawezi kuweka bunduki bila cheti, na cheti ni cha mtu mwenyewe, hakirithiwi kama shamba. Bunduki iliyonunuliwa kwa ng'ombe porini haijapata kuwa na cheti hata siku moja. Anayeitengeneza hata kama ni kipande chake kimoja tu, amejiingiza. Na kwa kuwa huyu ni fundi, nilimkumbusha kitu ambacho yeye anakijua kuliko mimi: chuma kilichopata moto wa kuchomelea hubadilika, na mtutu wa zamani ulioliwa na kutu kwa ndani unaweza kupasuka usoni mwa anayefyatua. Alicheka kwa uchungu, akasema, "Hilo nilishalifikiria." Sasa kama alishalifikiria, alikuwa akiutengeneza mlango gani wa kutokea?

Mke naye nilimsikiliza peke yake, na hofu yake ilikuwa tofauti na ile niliyotarajia. Yeye amezaliwa upande huu wa Korogocho. Hakuniambia habari za bonde la Kerio hata kidogo. Aliniambia, "Januari atarudi hapa Kariobangi." Hapo nikaelewa. Mtoto akishafundishwa Desemba kwamba bunduki ndiyo cheti cha uanaume, hataiacha fikira hiyo kwenye basi. Ataitembeza katika mtaa ambamo vijana wa rika lake wanajua mahali pa kupata bastola za kuchonga, na ambamo tumesikia mara nyingi juu ya kijana aliyepigwa risasi, na kando yake ikaokotwa bastola bandia. Sheria yetu ya silaha haimwachi hata mwenye bunduki bandia akiitumia kutenda uhalifu, na risasi ya askari haiulizi kwanza kama ni bandia. Mama anayelea mvulana Eastlands anahesabu miaka kutoka 13 hadi 25 kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Huyu mama haogopi bunduki iliyoko kijijini. Anaogopa mvulana atakayerudi nayo kichwani.

Hata hivyo, mama huyu pia nilimwambia neno. Katika ugomvi alimwambia mumewe, "Watu wenu ni wezi wa ng'ombe tu." Neno hilo halikumpata mumewe peke yake, lilimpata marehemu mkwewe aliyenyang'anywa ng'ombe, na likampata mwanawe mwenyewe ambaye ni nusu ya watu hao. Tena alitishia kwenda kumshtaki polisi. Nataka nieleweke vizuri: kama uhai wa mtu uko hatarini leo, mke asingoje ruhusa ya mtu kwenda kusema. Lakini kulitumia neno "polisi" kama fimbo ya kushinda mabishano ya jikoni, kisha kulirudisha mfukoni mkipatana, ni kuchezea moto.

Na bwana alinipa sababu ya kumficha mkewe habari hii: "Mambo ya bunduki ni ya wanaume." Ndugu yangu, aliyemzaa mtoto huyo ni nani? Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipoandika mwaka 1981 juu ya familia katika ulimwengu wa leo alisisitiza kwamba kulea ni haki na wajibu wa wazazi, na wazazi ni wawili. Jambo ambalo ami zake mtoto wanalijua na mama yake halijui limekwisha kuharibika, hata kama lingekuwa jema. Angalikuwa amenunua ng'ombe kwa siri tungemkemea, je, bunduki?

Nilipofika hapo bwana aliuliza jambo moja ambalo naona ni la haki kabisa: "Sasa nimpe nini cha babu yake?" Msiliruke swali hili, ninyi akina mama. Mwanamume akiambiwa "usimpe" bila kuonyeshwa la kumpa, atampa lile lile kwa siri. Tamaa yake ilikuwa kutengeneza pamoja na mwana, na tamaa hiyo ni njema tupu. Kosa liko katika kitu kilichochaguliwa.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili. Msumbiji ilipomaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe kwa mapatano ya Roma ya mwaka 1992, nchi ilibaki imejaa silaha zilizofukiwa mashambani na zilizofichwa kwenye mapaa. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la nchi hiyo, likiongozwa na fikira za Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuwaomba watu walete bunduki, na kila aliyeleta alipewa kitu cha kufanyia kazi: jembe, cherehani, baiskeli. Mafundi na wachongaji wakazikata bunduki na kuzifanya sanamu na viti. Kiti kimoja kilichoundwa mwaka 2001 na msanii aitwaye Kester, chote kwa vipande vya bunduki, kiko London katika jumba la makumbusho la Uingereza. Kila aliyesoma Nabii Isaya atajua wazo hilo limetoka wapi. Kwetu Kenya bunduki zilizokusanywa huchomwa moto hadharani. Novemba 2016 zilichomwa 5,250 kwa siku moja huko Ngong, karibu na Nairobi. Nakiri kwamba napenda zaidi njia ya Msumbiji, maana fundi wa Light Industries angeona mwenyewe chuma kikibadilika kazi. Lakini asijaribu kuikata hiyo ya baba yake nyuma ya karakana. Bunduki isiyo na cheti ni ya kukabidhiwa nzima.

Na namna ya kuikabidhi iangaliwe. Mtu asiifunge kwenye gunia akapanda nayo basi kuja Nairobi, wala asiende nayo kituoni peke yake usiku. Azungumze kwanza na chifu kupitia wazee wa ukoo au padre wa parokia ya kule, wapange siku na mahali, na wawepo mashahidi. Mara kwa mara serikali hutoa muda wa msamaha. Februari 2023, kabla ya operesheni katika kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa, ilitoa siku 3 tu. Afadhali mtu asingoje siku 3 kama hizo.

Ilikuwa mke aliyeikumbuka ile kengele ya ng'ombe. Nayo imeshika kutu, na ulimi wake umekatika. Mzee aliivalisha dume lake la kwanza. Kengele hiyo ilijua kila njia ya malisho ambayo mzee alipita, na haikuhitaji kufichwa darini hata siku moja. Fundi wa vyuma anaweza kuifanya ilie tena katika Jumamosi mbili au tatu, na mtoto akishika tupa na msasa. Bwana hakusema ndiyo. Alisema, "Kengele haitoshi." Nilimwambia ni kweli haitoshi, mwana atahitaji pia siku nyingi za baba yake, na hizo ndizo ghali.

Limebaki jambo moja gumu, maana mtoto alikwisha kuahidiwa. Ahadi kwa mtoto ni kitu kizito, na baba anayeivunja bila kueleza anamfundisha kwamba neno la baba ni upepo. Kwa hiyo shauri langu kwao lilikuwa hili: wamweleze kabla ya shule kufungwa, wakiwa wote wawili wamekaa, na aseme baba. Asiseme "mama yako amekataa." Aseme, "Nilikuahidi kitu ambacho si haki yangu kukupa, na sababu zake ni hizi." Mama akae hapo asikilize, asiongeze neno. Ami zake wapigiwe simu siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajawaona, ili wasije wakamcheka jandoni. Na kama mtoto atanuna, mwacheni anune wiki moja au mbili. Tupa na msasa vikae pale karakana, Jumamosi mlango uwe wazi.